Kihamba Ndicho Kinacholipa Mshahara

Mwezi wa saba ukifika na karatasi ya mwisho ya mtihani ikishakusanywa, swali linalozunguka hosteli ni moja tu: unashukia wapi? Wengi hujibu Dar. Hawasemi nimepata kazi Dar, wala nina mjomba mwenye kampuni Dar. Wanasema Dar tu, kama mtu anavyosema kesho ni Jumatatu. Mwenye godoro analiuza kwa mwaka wa kwanza, mwenye jiko la gesi anamwachia dogo wake, begi linapanda basi la alfajiri. Kwa sisi tuliokuja Moshi kutoka mikoa mingine, mji unakuwa umemaliza kazi yake. Umetupa digrii, tunaondoka.

Nataka kubishana na jibu hilo. Msomaji asiogope, sitaleta hoja za semina za ujasiriamali na sitamwambia mtu akafuge kuku. Ninachosema ni kwamba tunaongelea mikoa kama timu za mpira, hii imepanda daraja, ile imeshuka, bila kujiuliza mshahara wa kila mkoa unalipwa na nani hasa. Kwa miaka mitatu niliyokaa hapa, nimeona mshahara wa kijana msomi wa Moshi unalipwa na watu wawili. Mmoja ni mwajiri. Mwingine ni mama yake, kule juu kwenye migomba.

Tuanze na sensa, maana inakata ubishi mwingi. Mwaka 2012 Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu 1,640,087. Mwaka 2022 wakahesabiwa 1,861,934. Hilo ni ongezeko la asilimia 1.3 kwa mwaka, wakati nchi nzima ilikua kwa asilimia 3.2. Arusha, ambako ukipanda Kosta asubuhi unafika kabla chai haijapoa tumboni, ilikua kwa asilimia 3.3. Manyara, ambayo mwaka 2012 ilikuwa nyuma ya Kilimanjaro kwa watu zaidi ya laki mbili, sasa imeipita: watu 1,892,502. Wenyeji wa hapa nikiwaambia hili hawaamini, wanataka kwanza niwaonyeshe kwenye simu.

Haki itendeke: sehemu ya tofauti hiyo ni uzazi. Akina mama wa Kilimanjaro wanazaa watoto wachache kuliko wa mikoa mingi, na hilo pekee linapunguza kasi. Lakini uzazi haufungi mageti. Panda daladala hadi Marangu, Kibosho au Mashati kule Rombo, mwezi wowote usio Desemba, kisha hesabu nyumba kubwa za bati la rangi zenye kufuli. Wenyewe wako Dar, Mwanza, Nairobi, wengine Marekani. Anayelala humo ni mlinzi.

Kuhama si jambo geni mlimani. Kwa desturi ya Wachagga, kihamba cha baba kiliwatazama zaidi mtoto wa kwanza na kitinda mimba. Wa katikati walijua mapema kwamba riziki yao iko kwingine. Ndiyo maana duka la mtaani, hata kwetu Manyoni ambako mgomba ni kitu cha kwenye picha, linaitwa kwa Mangi. Tofauti ni kwamba zamani aliondoka aliyekosa shamba. Leo anaondoka hata mrithi.

Sasa tuitazame Dar yenyewe. Kati ya 2002 na 2012 ilikuwa inakua kwa asilimia 5.6 kila mwaka, kasi ya kutisha. Kati ya 2012 na 2022 kasi ikashuka hadi asilimia 2.1, chini ya wastani wa taifa. Kuna mtu ataniambia watu wamemwagikia Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo, na ni kweli: Mkoa wa Pwani ulikua kwa asilimia 6.1, na wengi wanalala huko wakigombania gari la kwenda mjini alfajiri. Lakini tazama na mikoa mingine iliyokimbia. Katavi asilimia 7.1. Geita 5.4. Dodoma, ambako serikali ilianza kuhamia kwa vitendo mwaka 2016, asilimia 3.9. Huko kuna mashamba, kuna dhahabu, kuna ng'ombe, kuna ofisi za wizara. Mtu aliyeishia darasa la saba amesoma ramani ya kazi ya nchi hii na amebadili njia. Sisi wenye GPA bado tunakata tiketi ile ile waliyokata kaka zetu mwaka 2005.

Na Dar haitusubiri. Tafiti za nguvu kazi za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ya 2006 na ya 2014, zote zilikuta ukosefu wa ajira Dar uko juu kuliko miji mingine, na miji mingine iko juu kuliko vijijini. Mwaka 2025 TRA ilipotangaza nafasi 1,596, waombaji walikuwa 135,027. Gawanya mwenyewe: watu 85 hivi kwa kiti kimoja. Usaili wa kuandika ulifanyika kwenye vituo vya mikoa kadhaa, kwa hiyo aliyekuwa amepanga chumba Mbagala ili awe karibu na fursa alifanya mtihani ule ule na mwenzake aliyebaki kwao akichunga mbuzi.

Moshi nayo ilikuwa Dar ya wakati wake. Chama cha wakulima wa kahawa, KNPA, kilianza 1925, KNCU ikakifuata 1933, na kwa miaka mingi kahawa ndiyo iliyoandika barua za ajira hapa: makarani, wapima mizani, madereva, wahasibu. Chuo chetu kiliwekwa Moshi mwaka 1963 kwa sababu ushirika ulikuwa Moshi. Halafu vyama vikuu vikavunjwa 1976, vikaruhusiwa kurudi kwa sheria ya 1982 vikiwa vimechoka, mkataba wa kimataifa wa kahawa ukasambaratika 1989 na bei ikaanguka, kisha wanunuzi binafsi wakaingia miaka ya tisini. Leo kahawa nyingi ya Tanzania inatoka Kagera, Ruvuma na Songwe. Kazi imefuata kahawa.

Mfano wa juzi tu ni Benki ya Ushirika, iliyozinduliwa Dodoma Aprili 2025. Mizizi yake ni benki ya ushirika ya Kilimanjaro, KCBL, iliyokuwa hapa hapa mjini, mwendo wa miguu kutoka getini kwetu. Makao makuu sasa ni Dodoma. Sisemi ni kosa, benki ya nchi nzima ina haki ya kukaa makao makuu ya nchi. Nasema kwamba kiti cha mkuu wa idara alichokuwa anakiota mwanafunzi wa fedha wa chuo hiki kimehamia Dodoma, na bado yeye anakata tiketi ya Dar.

Pamoja na hayo, si kweli kwamba Moshi hakuna kazi. Kilomita chache kusini mwa mji kuna TPC na miwa yake, ambako kwa miaka mingi wakata miwa wametoka mikoa mingine kwa sababu wenyeji hawakuitaka kazi ile. Kuna hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa 1971, na vyuo vinavyoizunguka. Kuna kiwanda cha viatu na ngozi cha Karanga, kuna viwanda vya vinywaji, kuna parachichi zinazopandwa Siha kwa ajili ya Ulaya. Na juu ya vyote kuna Mlima. Watalii wa nje walioingia Tanzania mwaka 2020, wakati wa korona, walikuwa 620,867. Mwaka 2024 walikuwa 2,141,895. Mgeni anayepanda Kilimanjaro hapandi peke yake, nyuma yake wako watu watatu au wanne: mwongozaji, mpishi, wapagazi. Pitia Soweto au Pasua mwezi wa nane uone kama vijana wanalalamika hakuna mchongo. Simu zinaita usiku: kesho Machame, uje na raba nzuri.

Kwa hiyo kazi zipo. Swali langu ni zinalipa nini, na kwa nini.

Mwaka jana nilikuwa natafuta nafasi ya fildi. Ofisi moja hapa mjini, siitaji, ilinikubalia barua na ikasema wakiridhika nami naweza kuendelea baada ya masomo, kwa posho. Mama aliyenihoji alikuwa mpole sana, alinikaribisha hata chai. Swali lake la tatu likawa: "Unakaa kwenu au umepanga?" Nikamwambia nimepanga Njoro, kwetu ni Manyoni. Akafunga faili taratibu, akasema, "Mwanangu, nikudanganye? Hii kazi ni ya mtu anayekaa kwao."

Sikukasirika siku ile. Nilikasirika baadaye, nilipoanza kuwauliza wenzangu na kukuta swali hilo linaulizwa kila mahali: kwenye maduka ya jumla, kwenye ofisi za kampuni za utalii, kwenye shule binafsi, kwenye vyama vya akiba na mikopo. Ukijibu kwetu, unapewa laki mbili na nusu na unaambiwa ni ya kuanzia. Ukijibu nimepanga, nafasi inakuwa imejaa. Yule mama alikuwa mkweli kuliko wengi. Alikuwa ananieleza jinsi soko la ajira la Moshi linavyoendeshwa, jambo ambalo kwenye darasa la uchumi sijalisikia.

Linaendeshwa hivi. Kijana wa Uru au Old Moshi akiajiriwa mjini kwa laki mbili na nusu, hapangi chumba. Analala nyumbani, anashuka na daladala asubuhi. Chakula cha jioni ni ndizi za shambani, maziwa ni ya ng'ombe aliye zizini, maharage yamevunwa na bibi. Mtori haununuliwi. Akiugua, dada aliye Dar anatuma hela. Piga bei ya vyote hivyo, chumba, chakula, maziwa na bima ya ukoo, utakuta kijana huyo anaishi maisha ya laki nne au tano, na mwajiri ametoa nusu. Nusu nyingine imetoka kwenye kihamba. Mama hajui kwamba yuko kwenye orodha ya malipo ya kampuni, tena upande wa wanaolipa.

Serikali inapandisha kima cha chini, na ni jambo jema. Watumishi wa umma walipanda hadi shilingi 500,000 kuanzia Julai 2025. Kwa sekta binafsi, amri iliyoanza Januari 2026 imepandisha wastani kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322. Lakini amri inamhusu mtu anayeitwa mfanyakazi. Wenzetu wengi hapa mjini hawaitwi hivyo. Wanaitwa wanaojitolea. Utamkuta mtu amejitolea miezi kumi na minane, ana meza yake, ana funguo za ofisi, bosi akisafiri ndiye anayebaki, na mwisho wa mwezi anapewa bahasha ya nauli. Anaweza kujitolea hivyo kwa sababu moja tu, kuna anayemlisha. Mtoto wa Kigoma hawezi kujitolea miezi kumi na minane. Bumu limekwisha, mwenye nyumba anagonga.

Mlimani ni hivyo hivyo, na huko mwili nao unaingia kwenye hesabu. Wapagazi, au wagumu kama wanavyojiita wenyewe, wana kikomo cha mzigo cha kilo 20, na watetezi wao kwa miaka wamekuwa wakipigania walipwe angalau shilingi 20,000 kwa siku. Wapo wanaolipwa hivyo na wapo wanaolipwa pungufu, wakiambiwa wategemee tipu. Safari mbili kwa mwezi za siku sita sita, kwa elfu ishirini, ni 240,000. Aprili na Mei mvua ikishika hakuna safari. Nani anamlisha mgumu miezi hiyo? Shamba. Mgeni amelipa maelfu ya dola kupanda, na msimu wa mvua aliyembebea hema anakula ndizi za mama yake. Wapo wenzetu wa mwaka wa pili wanaopanda kila likizo ili wamalizie ada, kwa hiyo hii si habari ya watu wa mbali.

Nimesikia jibu la waajiri, na si jibu la kipuuzi. Wanasema biashara ya Moshi ni ndogo, mzunguko ni mdogo, tukilipa kama Dar tutafunga. Sawa, baadhi wangefunga. Lakini wengine wamejenga ghorofa, na mshahara wa mhasibu wao haujasogea tangu msingi unachimbwa.

Kuna jambo ambalo kwenye mijadala ya vijana linapita haraka sana. Kihamba hicho hakimhudumii kila mtoto sawa. Sheria za ardhi za 1999 zinampa mwanamke haki sawa ya kumiliki, lakini mlimani bado mila ina sauti kubwa. Dada anayebaki nyumbani kwa kazi ya laki mbili na nusu anarudi jioni na zamu ya pili inamsubiri: majani ya ng'ombe, maji, chakula cha wazee, wajomba waliokuja kuzungumza. Kaka yake akirudi amechoka anaonekana mchapakazi. Yeye akirudi amechoka anaulizwa amechokea nini. Na mwisho wa siku shamba analolitumikia si lake. Rafiki yangu mmoja wa kutoka Kirua aliniambia waziwazi kwamba anakwenda Dar kupumzika, hata kama hakuna kazi. Nilicheka, kisha nikaona hakuna cha kuchekesha. Kwa hiyo sitamhukumu mtu anayeondoka. Wapo wanaoondoka kwa sababu nafuu ya nyumbani ina bei isiyoandikwa popote.

Tumfuate sasa huyo aliyepanda basi. Dar atalipwa zaidi, hilo halina ubishi. Tuseme laki tano. Lakini chumba cha maana anatakiwa kulipa miezi sita kwa mpigo, na dalali anataka mwezi wake mmoja. Hana. Kwa hiyo anafikia Kimara kwa mjomba, sebuleni, godoro linakunjwa saa kumi na moja kabla watoto hawajaamka kwenda shule. Mwaka unapita, wakati mwingine miwili. Nauli ya mwendokasi, chakula cha mchana Posta, shati za ofisi, michango ya harusi za ofisini. Na kila Ijumaa kuna mkungu wa ndizi unapakiwa stendi ya Moshi, umeandikwa jina na namba ya simu kwa kalamu ya wino mzito, unakwenda kupokelewa Dar. Nilipouona kwa mara ya kwanza nilidhani ni zawadi. Ni mshahara. Kihamba kinamlipa aliyebaki na kinamlipa aliyeondoka, na kampuni ya Posta nayo iko kwenye shamba la mama yule yule.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kijana achague tu kati ya kubaki na kuondoka. Ukibaki unalipwa nusu na mama anajaza. Ukienda unalipwa zaidi, unakula zaidi, mama na mjomba wanajaza. Anayekosa wa kumjazia, kama mimi na wengine wengi tunaotoka mikoa isiyo na ndizi, anaishia kwenye kazi isiyohusiana na alichosoma, au anarudi kwao kimya kimya na kusema anajipanga.

Na kihamba chenyewe kinaisha. Kimegawanywa baba kwa mtoto hadi kipande cha mtu ni robo ya ekari au pungufu. Mibuni ni ya umri wa babu. TaCRI pale Lyamungo wametoa aina mpya zinazostahimili magonjwa, lakini kupanda upya kunahitaji mtu wa kuchimba mashimo, na mtu huyo yuko Dar. Wanaolima ni akina mama wa miaka sitini na sabini. Soko zima la ajira la mji huu, na sehemu ya lile la Dar, linaegemea migongo hiyo. Miaka kumi ijayo mama akiondoka, mwajiri wa Moshi atatafuta mtu anayekaa kwao na hatampata, kwa sababu kwao kutakuwa na kufuli getini.

Basi serikali ya wanafunzi inaingia wapi? Kwanza kwenye fildi. Kila mwaka vyuo vya Moshi vinamwaga wanafunzi maofisini kwa wiki kadhaa, na ofisi nyingi zinatupokea kama mvua ya bure: tunapanga mafaili ya miaka mitatu, tunaingiza hesabu kwenye kompyuta, tunatumwa vocha. Vyama vya wanafunzi vya Ushirika, KCMC na Mwenge vikikaa meza moja vinaweza kukubaliana jambo dogo, kwamba ofisi isiyotoa nauli na chakula cha mchana haipelekewi mwanafunzi. Najua zipo ofisi zitakazokataa. Zikataliwe nazo, halafu tuone nani atapanga mafaili.

Pili ni AMCOS. Sisi ni chuo cha ushirika, jamani. Mlima huu umejaa vyama vya msingi vinavyotafuta mameneja wenye kujua hesabu na mifumo, na vinatoa mshahara ambao hata katibu wa kikoba angeukataa. Tunaambiwa turudi vijijini tukakuze ushirika. Wanaotuambia hivyo wanalipwa na serikali, Dodoma. Kama chama hakiwezi kumlipa meneja peke yake, viwili au vitatu vya jirani viajiri mmoja kwa pamoja. Ushirika maana yake nini kama si hiyo? Hili ni jambo la kupeleka Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa maandishi, lenye sahihi zetu, kabla ya mahafali.

Siku ya ajira chuoni nayo ibadilike. Kila mwaka tunaletewa watu waliofanikiwa, wote wametoka Dar, wote wanaanza na hadithi ya begi moja na shati mbili. Mwaka huu tuleteeni aliyekwenda Mpanda, aliyekwenda Katoro, aliyebaki Himo. Na aje na karatasi ya mshahara wa kwanza, si wa sasa.

Zaidi ya yote tuanze kuhesabu. Tuna umoja wa waliohitimu, tuna makundi ya WhatsApp ya kila darasa, tuna wanafunzi wa takwimu wanaotafuta mada za utafiti. Hakuna kinachotuzuia kujua, kila mwaka, waliomaliza wako mkoa gani. Uchaguzi wa serikali ya wanafunzi unakuja na wagombea wameshaanza kugawa pipi na ahadi za Wi-Fi. Mimi nitampa kura atakayekubali kutuma fomu ya ukurasa mmoja kwa kila aliyehitimu miaka mitatu iliyopita na kuchapisha majibu kwenye jarida hili. Maswali yawe manne tu: uko mkoa gani, unafanya kazi gani, ulianza kwa mshahara kiasi gani, na je, unakaa kwako au kwenu?